Mungu Asisingiziwe: Bwawa la Solai na Hesabu ya Serikali

(Hotuba ya wakili mmoja kwa waumini na wanaharakati wa mitaa ya Eastlands, Nairobi)



Tumeombwa kuzungumza juu ya sheria na maafa, nasi tumechagua kuzungumza juu ya bwawa. Wapo waliokwisha kutuuliza hapo mlangoni bwawa lina nini na mtu wa Eastlands, ambaye maji anayoyajua sana ni yale ya mtungi wa lita 20 yaliyonunuliwa kwa mkokoteni. Jibu la haraka ni kwamba maji hayo, yakiwa ni ya halali, yametoka katika mabwawa: Ndakaini, Sasumua na Ruiru. Mwaka 2003 mvua iliharibu njia ya kumwagia maji ya ziada pale Sasumua, na jiji likaonja kiu. Kuna jibu jingine refu zaidi, nalo ndilo lililotuleta hapa.

Usiku wa Jumatano, tarehe 9 Mei 2018, tuta la bwawa lijulikanalo kama Bwawa la Patel lilivunjika huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru. Lilikuwa bwawa la udongo la shamba la watu binafsi, lililojengwa juu ya mteremko, na chini ya mteremko huo waliishi watu. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Maji yaliteremka kwa kishindo, yakabeba mawe, miti na matope, yakavikumba vijiji vya Energy na Nyakinyua wakati watu wamo majumbani mwao. Watu 48 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Mamia ya familia walibaki bila nyumba, bila shamba na bila mifugo.

Mnajua yaliyofuata, kwa maana ndiyo yafuatayo kila mara. Helikopta zilifika. Wakubwa walivaa viatu vya mpira wakapigwa picha matopeni. Blanketi ziligawiwa. Ibada ya pamoja ya wafu ikafanyika, na katika mazishi ya namna hiyo nchini mwetu kuna sentensi moja isiyokosekana, isemayo kwamba yote haya ni kazi ya Mungu, nasi hatuna budi kuikubali.

Leo twataka kuichunguza sentensi hiyo, kwani ina ukoo mrefu katika sheria, na walioizoea kuisema makaburini huenda wasijue kwamba imekwisha kushindwa mahakamani.

Tuanze na tuta lenyewe. Bwawa la udongo halivunjiki kwa miujiza. Wahandisi wanazijua njia zake, nazo si nyingi. Njia ya kwanza ni maji kupanda hadi kupita juu ya tuta. Udongo hauvumilii jambo hilo: maji yakisha kupata mfereji mdogo juu yake, huukata na kuupanua, na kwa muda mfupi tuta zima hukatika. Ndiyo sababu kila bwawa la namna hiyo hutakiwa kuwa na njia pana ya kando ya kumwagia maji ya ziada, iliyopimwa kwa ajili ya mvua kubwa, si kwa ajili ya mvua ya kawaida. Njia ya pili ni maji kupenya ndani ya tuta, mahali ambapo udongo haukushindiliwa vizuri, au ambapo mizizi ya miti na mashimo ya wanyama yamefungua kijia. Maji hutoka upande wa pili yakiwa machafu, yamebeba udongo wa tumbo la tuta, na kila siku tundu hukua. Njia ya tatu ni mteremko wa tuta kulowa na kuporomoka.

Tazameni jambo moja katika njia hizi zote tatu: kila moja hutoa ishara kabla ya siku yake. Tuta lisilo na njia ya kutosha ya kumwagia maji huonekana hata kiangazi, kwa macho ya yeyote anayejua kutazama. Tuta linalovuja hulowesha nyasi chini yake miezi mingi kabla. Tuta lililoota miti halihitaji darubini. Kwa hiyo swali la bwawa lililovunjika usiku wa Mei halianzi usiku ule. Linaanza miaka mingi nyuma, nalo lasema: ni nani aliyekuwa na wajibu wa kutazama, na je, alitazama?

Sasa tuingie katika sheria. Sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza ina kesi moja mashuhuri ambayo kila mwanafunzi wa sheria huijua tangu mwaka wake wa kwanza, nayo ni kesi ya Rylands na Fletcher, iliyoamuliwa mwaka 1868. Rylands alikuwa na kiwanda cha pamba. Aliwaweka mafundi wamjengee bwawa. Chini ya ardhi ile palikuwa na mashimo ya zamani ya machimbo, na bwawa lilipojazwa maji, yalishuka kupitia mashimo hayo yakafurika katika mgodi wa makaa ya mawe wa jirani yake Fletcher. Rylands mwenyewe hakuwa na hatia ya uzembe. Hakujua habari za mashimo. Hata hivyo mabwana wale wa sheria waliamua kwamba mtu aletaye katika ardhi yake kitu kisichokuwapo hapo kwa asili, ambacho kikitoroka kitaleta madhara, akiweke kwa gharama na hatari yake mwenyewe, na kikitoroka alipe.

Katika kesi ile hakufa mtu hata mmoja. Kilichoharibika kilikuwa mgodi. Tangu hukumu ile hadi usiku wa Solai ilikuwa imepita karibu miaka 150. Kanuni hiyo imekuwamo katika mahakama zetu tangu enzi za ukoloni, na hata leo ingali hai. Basi asije mtu akatuambia kwamba maafa ya Solai yaliikuta sheria ya Kenya imelala. Sheria yetu, katika tawi hili, ilizaliwa katika bwawa.

Walakini sheria hiyo hiyo ilimwachia mwenye bwawa mlango mmoja wa kutokea, na jina la mlango huo, msishangae, ni kazi ya Mungu. Ndivyo mawakili wanavyouita hadi leo. Mwaka 1876 mahakama ya rufani ya Uingereza iliukubali utetezi huo katika kesi ya Nichols na Marsland: mama mmoja mwenye maziwa ya kutengenezwa kwa mikono, yaliyopambia shamba lake, aliepuka kulipa gharama ya madaraja yaliyochukuliwa na maji kwa kuwa mvua ile ilihesabiwa kuwa kubwa kupita kiasi cha kutazamiwa. Lakini mwaka 1917 ikaja kesi ya mji wa Greenock huko Scotland. Baraza la mji lilikuwa limegeuza mkondo wa kijito ili watoto wapate kidimbwi cha kuchezea. Mvua kubwa isiyo ya kawaida ikanyesha, kijito kikafurika, na reli ya jirani ikaharibiwa. Baraza likajitetea kwa jina la Mungu. Mabwana wa sheria wakakataa. Ukiuziba mkondo wa asili, walishikilia, ni juu yako kuhakikisha kwamba njia uliyoiweka badala yake yaweza kuyabeba hata maji ya mvua kubwa. Kumbukeni kwamba aliyeshindwa pale hakuwa bwana shamba. Alikuwa baraza la mji, yaani serikali.

Kwa hiyo mwanasiasa asimamapo juu ya makaburi na kusema ni kazi ya Mungu, sisi mawakili humsikia akitoa utetezi mahakamani kabla ya kushtakiwa. Naye hutoa utetezi huo mbele ya watu ambao imani yao inawazuia kumpinga, kwani ni nani miongoni mwa wafiwa atakayesimama kubishana na jina la Mungu?

Hapa tunawarudia ninyi, viongozi wetu wa dini, kwa heshima zote. Katika Injili ya Luka kuna habari za mnara wa Siloamu ulioanguka ukawaua watu 18, na Bwana wetu akakataa kabisa fikira kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ajengaye nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo kwenye dari lake, asije akaitia nyumba yake hatia ya damu mtu akianguka. Tunaomba sura hiyo isomwe siku ya maafa. Maana yake kwa wakili ni nyepesi sana: kifo kitokanacho na jengo lisilo na ukingo kina mwenyewe, na mwenyewe huyo si Mungu.

Turejee Solai. Siku chache baada ya maafa, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ilitangaza kwamba bwawa lile halikuwa na kibali. Magazeti yaliichapa habari hiyo kama shtaka dhidi ya mwenye shamba, na kweli ni shtaka dhidi yake. Lakini isomeni tena polepole. Msemaji ni ofisi ambayo sheria iliiweka ili kutoa vibali hivyo na kuwazuia wasio navyo. Bwawa si msokoto wa bangi uwezao kufichwa mfukoni. Bwawa laonekana kutoka mlima wa pili. Kulijenga kwahitaji matingatinga, malori na misimu mizima ya kazi. Na likisha kujaa, linang'aa juani. Afisa asemaye kwamba bwawa halikuwa na kibali amesema maneno mawili kwa wakati mmoja: kwamba mwenye shamba alivunja sheria, na kwamba ofisi yake iliishi jirani na uvunjaji huo bila kuukomesha.

Sheria zenyewe hazikupungua. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 yataka miradi mikubwa, mabwawa yakiwamo, ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na kupata leseni ya NEMA. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa kwa madaraja, kufuatana na kimo, wingi wa maji na hatari kwa walio chini, na kwa mabwawa ya madaraja ya juu zikadai mhandisi mwenye sifa na ukaguzi wa mara kwa mara. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 ikaipa Mamlaka nguvu mpya. Kwenye karatasi, nchi hii ilikuwa na ukingo darini. Kilichokosekana ni mtu wa kupanda ngazi na kwenda kuutazama.

Ni kweli kwamba hatua zilichukuliwa. Seneti iliunda kamati maalumu chini ya Seneta Mutula Kilonzo Junior, ikazuru Solai, ikasikiliza mashahidi na kuandika ripoti. Mwezi Julai 2018 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliamuru watu 9 washtakiwe, wakapelekwa mahakamani Naivasha. Walikuwamo mwenye shamba, meneja wake na maafisa wa umma. Mashtaka ya kuua bila kukusudia yalikuwa 48, moja kwa kila marehemu, pamoja na mengine juu ya kukosa ripoti ya mazingira na kupuuza wajibu wa kazi. Wengi wetu tulisema, mwishowe! Karani wa ofisi ya vibali alikuwa amesimama kizimbani pamoja na tajiri.

Kisha kesi ikaanza kuahirishwa. Mnamo Februari 2020 hakimu wa Naivasha aliwaachilia washtakiwa wote, si kwa sababu ushahidi ulipimwa ukaonekana mwepesi, bali kwa sababu upande wa mashtaka haukuonekana kuwa tayari kuiendesha kesi. Ushahidi haukupewa nafasi ya kupimwa. Baadaye Mahakama Kuu iliubatilisha uamuzi huo na kuamuru kesi isikizwe upya. Sisi hatusemi kwamba mshtakiwa fulani ana hatia. Hiyo ni kazi ya mahakama, na kila mshtakiwa anahesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tunasema juu ya upande wa mashtaka. Serikali ikiwashtaki maskini wa Kayole kwa kuuza chang'aa, huwa tayari asubuhi na mapema. Ilipotakiwa kuwasemea watu 48, haikuwa tayari.

Kwa nini? Wengine watasema fedha, na huenda wakawa na yao wanayoyajua. Sisi twataka kuwaonyesha sababu nyingine, iliyo katika mpangilio wenyewe wa mambo, ambayo ingebaki hata kama kila afisa angekuwa mtakatifu. Katika maafa ya bwawa, mashahidi wa kitaalamu wa serikali hutoka katika ofisi zile zile zilizotakiwa kulikagua. Faili ziko katika kabati zao. Mpelelezi anamwomba mhandisi wa serikali atoe maoni juu ya kazi ya mhandisi mwenzake wa serikali. Tena hati ya mashtaka inapowaweka pamoja tajiri na afisa, serikali yajikuta imesimama pande zote mbili za chumba. Ni vigumu kwa mtu kukimbiza kesi ambayo, akiishinda, itamfikia yeye mwenyewe. Kwa hiyo maafa ya namna hii yahitaji uchunguzi usio mikononi mwa wizara husika, na ripoti yake ichapishwe yote, pamoja na viambatisho. Ripoti ya Seneti ilikuwa hatua njema, lakini mapendekezo ya kamati hayana nguvu ya amri ya mahakama. Wizara yaweza kuyapokea kwa shukrani na kuyaweka juu ya kabati.

Wengine wameuliza kwa nini watu walijenga chini ya bwawa. Swali hili linatuudhi, lakini tulijibu. Maskini hujenga pale anapopata, na aghalabu hupata pale ambapo mwenye uwezo hapataki. Tena mtu aishiye chini ya bwawa haambiwi lina maji kiasi gani wala lilikaguliwa lini. Aliye juu anajua. Aliye chini anaamini tu. Sheria yafaa imdai yule anayejua.

Na sasa Eastlands. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma wakati wa mvua, likaua takriban watu 50. Wakubwa wenyewe walieleza kwamba lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Tafakarini alama hiyo ya X. Maana yake ni kwamba mkaguzi alifika, akaona, akaandika, akaenda zake, na watu wakaendelea kulala humo na kodi ikaendelea kukusanywa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka katika eneo la Mradi, Embakasi, katikati ya makazi ya watu; kukawa na waliokufa na mamia waliojeruhiwa. Mamlaka ya kudhibiti kawi ilisema kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kibali mara 3 mwaka 2023. NEMA nayo ikakiri kwamba leseni ilikuwa imetolewa isivyostahili, na maafisa wake 4 wakasimamishwa kazi. Ofisi moja ilikataa, ofisi nyingine ikakubali, na mitungi ikaendelea kujazwa. Solai kulikosekana kibali. Embakasi kibali kilikuwapo. Waliozikwa hawakuona tofauti.

Halafu ikaja masika ya mwaka huo huo wa 2024. Mto Mathare ulifurika usiku ukachukua watu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili maji na matope yalikifyeka kijiji cha Kamuchiri, karibu na Mai Mahiu, zaidi ya watu 50 wakafa. Kwanza tuliambiwa bwawa limepasuka. Baadaye tukaambiwa halikuwa bwawa: maji yalikuwa yamezuiliwa na takataka na miti kwenye karavati chini ya tuta la reli, mpaka yakalishinda nguvu. Ilionekana kana kwamba maelezo hayo yamemaliza neno. Lakini karavati ni mali ya nani? Tuta la reli lililozuia maji ni la nani? Kijito kikizibwa na tuta la serikali, tuko palepale Greenock, mwaka 1917.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, alitangaza kwamba mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 huenda yakafurika wakati wowote, na walio karibu wakatakiwa kuhama katika muda wa saa 24. Huko Mathare matingatinga yakafika, nyumba za mabati za kando ya mto zikabomolewa, na waliobomolewa wakaahidiwa shilingi 10,000. Mvua ndiyo iliyobomoa usiku na serikali ikabomoa mchana.

Ishikeni hesabu hiyo ya 178. Serikali haiwezi kusema 178 bila kuwa imehesabu. Kwa hiyo orodha iko. Mahali fulani katika ofisi ya umma pana karatasi yenye majina ya mabwawa, mahali yalipo, wenyewe, na yamkini tarehe ya mwisho ya kukaguliwa. Miaka 6 baada ya Solai, watu walipewa saa 24 za kukimbia hatari ambayo ofisi iliijua kwa hesabu. Orodha hiyo si siri ya jeshi. Ni mali ya wale wanaolala chini ya matuta hayo.

Nchi nyingine zimefanya nini? Wales, mwaka 1925, mabwawa yalivunjika juu ya kijiji cha Dolgarrog yakaua watu 16. Miaka 5 baadaye Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyodai kila hifadhi kubwa ya maji ikaguliwe na mhandisi asiye mwajiriwa wa mwenye bwawa. Watu 16 walitosha. Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili yalivunjika juu ya mji wa Derna yakaua maelfu. Na ijapokuwa nchi ile ilikuwa imegawanyika baina ya serikali mbili, kufikia Julai 2024 mahakama ilikuwa imewahukumu maafisa 12 vifungo vya kati ya miaka 9 na 27. Hatuusifu utawala wa Libya wala hatujui kama wakubwa halisi waliguswa. Tunasema tu kwamba nchi iliyochanika vipande viwili iliweza kumaliza kesi katika muda ambao sisi tuliutumia kuahirisha yetu.

Sasa tuje kwenye yatupasayo kufanya, na hapa tutasema kiwakili.

Kwanza, saa. Mwenye kumdai mtu binafsi fidia kwa kifo cha jamaa yake ana miaka 3. Lakini sheria ya muda wa madai dhidi ya mamlaka za umma inampa anayeidai serikali kwa uzembe miezi 12 tu. Mfiwa ambaye amezika watoto, hana nyumba, hana cheti cha kifo, naye angali akingoja ripoti ya tume, huambiwa siku ya 366 kwamba amechelewa. Sheria hii yafaa ifutwe, na mwajua mbunge wenu ni nani. Wakati ungalipo, siku ya maafa awepo mtu wa kanisa mwenye daftari: majina, picha, risiti, na tarehe. Njia ya kudai haki za kikatiba haina kikomo cha miezi 12, lakini nayo hudai sababu ya kuchelewa.

Pili, karatasi. Tarehe 7 Julai 1990 wazee wetu walikwenda Kamukunji, uwanja ulio katika mitaa yetu hii hii, wakatawanywa kwa rungu na moshi. Sisi tulikuwa watoto. Katika mambo yaliyopatikana hatimaye kwa jasho lao ni Katiba ya mwaka 2010, na ndani yake Kifungu cha 35, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitimiza. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Huhitaji wakili. Huhitaji kueleza sababu. Ofisi inatakiwa kujibu katika siku 21, na ikiwa habari yahusu uhai wa mtu, katika saa 48. Ikikataa au ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tunashangaa jinsi haki hii inavyotumiwa kwa nadra. Tulipigania kura kwa miaka mingi, nasi tunaitumia mara moja kila miaka 5. Barua hii yaweza kutumiwa kila Jumatatu.

Watasema tunafanya siasa juu ya makaburi. Kuuliza ukaguzi ulifanyika lini si siasa. Karani yeyote mwenye faili aweza kulijibu swali hilo kabla ya saa sita.

Kwa hiyo tumeandaa barua mbili. Ya kwanza yaenda kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Inaomba orodha ya mabwawa na hifadhi 178 zilizotajwa Mei 2024, jina la mwenye kila moja, daraja lake la hatari, tarehe ya ukaguzi wa mwisho na jina la mhandisi aliyekagua. Ya pili yaenda kwa serikali ya Kaunti ya Nairobi. Inaomba orodha ya majengo yote yaliyotiwa alama ya X katika Huruma, Mathare, Kayole na Embakasi, tarehe yalipotiwa alama, na hatua iliyochukuliwa baada ya hapo. Haki hii ni ya raia, kwa hiyo tunaomba kila jumuiya itoe watu 2 wenye vitambulisho watakaotia sahihi. Ofisi ikikupokea barua, hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wenye tarehe; muhuri huo ndio ushahidi wako wa siku barua ilipopokewa, na siku 21 huhesabiwa tangu hapo. Meza iko upande wa kushoto wa mlango, na kalamu zipo.